Picha ya shoga (rafiki wa kike) kwenye stetasi: nani mwenye haki nayo?

SWALI: Assalamu alaikum sheikh. Binti yangu ana miaka 15. Usiku wa kuamkia Idi walikuwa wanne chumbani wakipakana hina, vichwa wazi. Mmoja wao, shoga yake tangu chuoni (madrasa), akapiga picha akaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Asubuhi binamu yao wa kiume akamwambia binti yangu kuwa ameiona. Sasa ni wiki ya pili hawasemezani, na wale watatu wamefungua grupu lingine bila yeye. Shoga yake asema ulikuwa mzaha na picha imeshajifuta. Je, ana kosa? Na binti yangu afanye nini? (Mama wa Kibokoni, Mombasa)

JIBU: Wa alaikumu ssalamu warahmatullahi wabarakatuh, mamangu.

Ndiyo, ana kosa, na si dogo. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi ya Jabir waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba mtu akizungumza jambo kisha akageuka kutazama huku na huku, basi jambo hilo ni amana. Hakusema mpaka mtu aseme "usimwambie mtu". Kugeuka tu kwatosha. Sasa msichana aliyefunga mlango, akavua mtandio, akanyoosha mikono apakwe hina, amesema zaidi ya aliyegeuka. Simu ni ya yule mwenzake, lakini sura iliyo ndani ya ile picha si yake.

Hili la "imeshajifuta" lataka kuelezwa, kwa sababu vijana wengi wanaliamini. Stetasi hukaa saa 24, na ndani ya saa hizo yeyote aweza kupiga skrinshoti bila mwenye picha kupewa habari. Tena usipobadilisha chochote, stetasi huwafikia wote uliohifadhi namba zao nao wakahifadhi yako: mwalimu wa tuisheni, jirani, wa bodaboda, na huyo binamu. Msichana alipobonyeza alikuwa akiwafikiria shoga zake watano sita tu. Kosa huingia hapo, na ndiyo maana mimi simwiti mtoto huyu mbaya. Lakini "hakukusudia" si sawa na "hakudhuru".

Kwa kuwa haki iliyovunjwa ni ya mja, toba yake haiishii kwenye istighfari, yaani kumwomba Mungu msamaha. Aache, ajute, aazimie kutorudia, kisha atake radhi kwa aliyemkosea. Katika Bukhari, Mtume (s.a.w.) amemuamrisha aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake aombe ahalalishiwe leo, kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu.

Kwa vitendo, aifute picha kwenye simu yake, na pia mahali pa picha zilizofutwa karibuni, ambapo kwa kawaida hubaki siku 30, na kwenye hifadhi ya mtandaoni kama simu yake hupeleka picha huko. Kama alimtumia mtu moja kwa moja, kufuta kwa wote huwezekana kwa siku mbili na kidogo tu. Zikipita, amwombe mtu huyo aifute. Amwombe mmoja mmoja, faraghani. Akiandika kwenye grupu "jamani futeni picha ya fulani", hata wasiokuwa na habari wataanza kuitafuta. Vivyo hivyo msamaha usiwekwe kwenye stetasi. Aende nyumbani kwao, alitaje kosa lenyewe: "Nimeweka picha yako bila idhini yako." Akisema "kama nimekukosea", bado hajakubali.

Ama lile grupu jipya, hadithi ya Ibn Mas'ud katika Bukhari na Muslim yakataza wawili kunong'ona wakimwacha wa tatu, na sababu imetajwa: kwa kuwa hilo humhuzunisha. Wanavyuoni wamesema hukumu ni hiyo hiyo watatu wakimwacha wa nne, na hawa walikuwa wanne. Sisemi kila grupu lazima liwe na kila mtu. Lakini kuondoka watatu baada ya ugomvi, kisha, tuseme, kurusha picha za matembezi ya ufuoni Mama Ngina ambayo mmoja anajua hakuitwa, huko ndiko kunong'ona mbele yake.

Binti yako naye ana la kufanya. Haifai Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni yule anayeanza salamu. Zimepita. Aanze yeye, kwa mdomo, wakikutana chuoni. Kusamehe hakumlazimishi kurudisha siri zote kama zamani. Hilo lina wakati wake. Na jambo ninaloliogopa zaidi: yeye pia ana sauti na maneno ya huyo shoga yake kwenye simu. Asiyatoe kulipiza. Mtume (s.a.w.) amesema: "Mrejeshee amana aliyekuamini, wala usimfanyie khiyana aliyekufanyia khiyana."

Nawe mamangu, usimnyang'anye simu ukasoma kila kitu. Anas, mtumishi wa Mtume (s.a.w.), alipokuwa mtoto alichelewa kurudi, mamake Ummu Sulaym akamuuliza, akajibu alitumwa na Mtume na ni siri. Mama akamwambia asimwambie yeyote. Siri ile ilikuwa ya Mtume, naam, lakini tazama mama alivyomsaidia mtoto kuitunza amana. Isipokuwa mtu akimtisha binti kwa picha, au mtu mzima akimwomba picha za mwili: hapo hakuna siri. Usimjibu, usiisambaze picha kwa jina la ushahidi, nenda polisi. Kenya ina sheria ya makosa ya mitandao tangu 2018.

Idi ijayo, wekeni kikapu mlangoni mwa chumba cha hina, simu zote zilale humo mpaka hina ikauke. Anayetaka picha ya mkono, apige mkono peke yake, na mwenye mkono aione kwanza.

Wallahu aalam.