Mama ana miaka 78: nikope ili nimtengeneze meno?

"Shangazi, mama yangu ana miaka 78 na meno yanamtesa. Hospitali ya serikali wamesema watamng'oa matano, kisha asubiri miezi minne atengenezewe ya bandia ya kuvaa na kuvua. Kliniki binafsi wanasema mawili kati ya hayo yanaokoleka kwa kutibu mizizi na kuvalishwa kofia ngumu za kuyafunika, na mengine matatu yang'olewe, apandikiziwe mapya. Gharama yao ni sawa na mshahara wangu wa miezi minane. Kaka anasema ni kutupa pesa, mama ameshazeeka. Mimi nataka kukopa. Nikimpeleka serikalini, si nitakuwa nimemdharau? – Kitindamimba"

Kitindamimba mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili nikimtafuta mama. Meno yake nimeyaona, mshahara wako nimeuona, kaka nimemsikia. Neno la mama mwenyewe, hata moja, sikulikuta. Kabla hujakopa senti, kaa naye mkiwa wawili tu. Muulize anatafunia upande upi, usiku analala, ni nini ameacha kula akisingizia kwamba ameshiba. Wazee ni hodari wa kuficha. Na muulize kama anaweza kuvumilia kitu cha kuvua na kuvaa mdomoni, au kukaa muda mrefu kwenye kile kiti akiwa ameachama. Majibu yake yanaweza kuibadili hesabu yote.

Sasa hilo la kumdharau. Daktari wa serikali ana foleni mlangoni, na kung'oa ni ganzi na dakika chache. Kutibu mzizi ni eksirei, kusafisha ndani ya jino, kuziba, pengine kurudi mara mbili au tatu. Kwa hiyo akisema "ling'olewe", huenda hamaanishi kwamba jino limekufa, anamaanisha kwamba hiyo ndiyo njia aliyo nayo ya kumwondolea mama maumivu. Kliniki nao wamekuorodheshea kila kinachowezekana. Kinachowezekana na kinachohitajika ni vitu viwili.

Kosa lako, nisamehe, ni kuyachukua kama mafurushi mawili yaliyofungwa, ubebe hili au lile. Yafungue.

Pesa uliyo nayo mkononi ningeielekeza kwenye yale mawili yanayookoleka. Jino lenye mzizi hulinda mfupa wa taya. Likitoka, mfupa huanza kupungua, na ya bandia hukosa pa kushikilia. Tena meno ya bandia ya kuvua hukaa imara zaidi yakiwa na meno halisi ya kujishikiza. Kwa hiyo hata yale ya serikali yatamfaa mama zaidi akiwa na hayo mawili. Ila kwanza muulize daktari mambo matatu: hayachezi? Juu ya fizi pamebaki jino la kutosha kushika kofia? Na je, kila moja lina mwenzake wa taya ya pili wa kutafuna naye? Jino lisilokutana na mwenzake, kulivalisha kofia ya gharama hakumsaidii sana kutafuna.

Yale matatu yang'olewe serikalini. Na miezi minne ya kusubiri isikutishe sana. Baada ya kung'oa, fizi na mfupa hunywea, hasa miezi ya mwanzo. Meno ya bandia yanayotengenezwa mapema mno huanza kulegea, yakahitaji kurekebishwa. Kama ni ya mbele na mama anaona haya kucheka, hapo sawa, uliza kama kuna ya muda.

Kupandikiza ni kuingiza skrubu ya titani ndani ya taya na kungoja miezi kadhaa mfupa uikumbatie. Umri peke yake haukatazi, kwa hiyo hapo kaka yako amekosea. Lakini sukari isiyodhibitiwa na uvutaji wa tumbaku huharibu kazi hiyo. Tena si kila pengo linadai kuzibwa. Japani tangu mwaka 1989 wana kampeni ya kuhimiza kila mtu afike miaka 80 akiwa na meno yake 20, kwa kuwa kwa idadi hiyo mtu hutafuna karibu kila kitu. Hawakusema 32. Wewe hukuniambia mama amebakiwa na mangapi. Yahesabu.

Popote utakapompeleka, beba dawa zake zote. Za kuzuia damu kuganda asiziache kwa kujiamulia, bali daktari wa meno azijue kabla ya kung'oa. Za kuimarisha mifupa vilevile, maana baadhi yake huchelewesha taya kupona. Na dawa nyingi, zikiwemo baadhi za shinikizo la damu, hukausha mate, meno yakaoza kwenye shina karibu na fizi. Hilo lisiposhughulikiwa, jino litaoza chini ya kofia mpya. Uso ukivimba, homa ikipanda au akishindwa kumeza, foleni haimhusu tena: mkimbize siku hiyohiyo.

Kliniki waambie wakuandikie gharama ya jino mojamoja, na kama eksirei na marudio yamo. Kama kuna chuo cha udaktari wa meno mnakoweza kufika, wanafunzi hutibu mbele ya wahadhiri wao kwa gharama ndogo. Watakawia, lakini hawatakuwa na haraka ya kung'oa.

Mkopo wa mshahara wa miezi minane, hapana. (Mimi mwenyewe navaa ya bandia ya juu. Niliwahi kuyafunga kwenye tishu nikayatupa na taka, nikayasaka nusu siku. Yangekuwa ya mkopo ningezimia.)

Kaka yako usibishane naye. Mpe zamu: siku ya kung'oa, yeye ndiye ampeleke mama, akae naye kwenye benchi tangu asubuhi, amshike mkono wakati wa kutoka na pamba mdomoni. Suala la nani achangie nini mliongee jioni hiyo.