Maswali Yenu: Vidonge vya kahawia vikiisha, pakiti mpya haingoji kesho

*Hujambo daktari. Nilienda Kisii kwa matanga nikasahau pakiti mpya ya vidonge vya kupanga uzazi nyumbani. Vya kahawia nilivimaliza Jumatano. Nimerudi Jumapili usiku, na mimi na mume wangu tulikutana Ijumaa. Jirani anasema nimeze vinne kwa mpigo nifidie. Ni sawa?*
*Msomaji, Kayole*

Hapana, dada. Vinne kwa mpigo vitakuchafua roho tu, siku zilizopita havizirudishi. Meza kidonge cha kwanza cha pakiti mpya mara moja, halafu kimoja kila siku saa ileile. Siku 7 zinazofuata tumieni kondomu. Na kwa kuwa mlikutana Ijumaa, pitia chemisti uchukue P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba: miligramu 1.5 za levonojestreli, iwe ni tembe moja au mbili za 0.75 zinazomezwa pamoja. Inafanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema, kabla ya saa 72. Inaweza kutumika hadi siku ya 5, lakini nguvu yake inazidi kupungua. Ukishaimeza, endelea na vidonge vyako kama kawaida.

Jarida likikufikia muda huo ushapita, usiache vidonge. Pima mimba wiki 3 baada ya ile Ijumaa. Hata ikitokea una mimba tayari, vidonge ulivyomeza havimdhuru mtoto.

Sasa sababu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Pakiti ya vidonge 28 ina 21 vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, na 7 vya kahawia ambavyo ni madini ya chuma tu. Vya homoni huzuia ovari isiachilie yai. Ile wiki ya kahawia ovari haina kizuizi, inaanza kuamka polepole, lakini siku 7 huwa hazitoshi kukomaza yai. Wewe ulipokosa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, siku zako bila homoni zikawa 10. Kwa hiyo kidonge cha hatari kukosa si kile cha katikati ya pakiti ambacho kila mtu hukihangaikia. Ni cha mwanzo wa pakiti mpya, na vile vya mwisho kabla ya kahawia.

Ukiielewa hesabu hiyo, kanuni zingine hazikusumbui. Umekosa kimoja au viwili vya homoni? Meza kimoja ukikumbuka, hata kama siku hiyo utameza viwili, kisha endelea. Kondomu si lazima. Umekosa vitatu au zaidi mfululizo? Meza kimoja, endelea, kondomu siku 7, na kama mmekutana ndani ya siku 5 zilizopita, fikiria P2. Ikiwa hivyo vitatu ni vya wiki ya tatu, maliza vya homoni vilivyobaki, tupa vya kahawia vyote na uingie pakiti mpya siku inayofuata. Hedhi huenda isije mwezi huo, na si tatizo. Ukikosa vya kahawia, vitupe tu. Mradi pakiti mpya ianze siku yake.

*Nimeanzishiwa dawa za TB za miezi 6. Muuguzi hakuniuliza kama natumia vidonge vya kupanga. Vinaingiliana?*
*Msomaji, Mathare*

Vinaingiliana, na alipaswa kuuliza. Rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB hulifanya ini livunje homoni haraka, kiasi kwamba unaweza kumeza kila siku bila kukosa na bado ukashika mimba. Usiguse dawa za TB. Badilisha njia ya kupanga. Koili na sindano ya miezi 3 haziharibiwi na rifampisini. Kijiti cha mkononi kinaathiriwa, kwa hiyo usikikimbilie. Tumia kondomu mpaka ubadilishe, na ukitaka kurudia vidonge, ngoja wiki 4 baada ya dozi ya mwisho ya rifampisini. Dawa kadhaa za kifafa, kama kabamazepini na fenitoini, zina tabia hiyohiyo. Amoksilini ya kifua haina neno, hata kama chemisti amekutisha.

*Nafanya kazi usiku kiwandani Baba Dogo, wiki mchana wiki usiku. Nimeze saa ngapi? Na mbona natokwa na damu kidogo kidogo?*
*Msomaji, Lucky Summer*

Chagua saa ambayo uko macho zamu zote mbili. Saa 12 jioni huwafaa wengi wa zamu. Weka kengele ya simu, pakiti ikae kwenye mkoba. Ukitapika kabla saa 3 hazijapita baada ya kumeza, meza kingine. Damu hiyo ni ya kawaida miezi 3 ya kwanza, na huzidi vidonge vikimezwa saa yoyote ile. Usiache kwa ajili yake.

*Nina miaka 37, presha imepimwa mara mbili ni 150/95. Nimetumia vidonge miaka 8 bila shida. Niendelee?*
*Msomaji, Umoja*

Mama, simamisha hivi vya homoni mbili. Presha ikifika 140/90, estrojeni inaongeza hatari ya kiharusi na ya moyo, na hiyo miaka 8 haikukingi. Mwombe mhudumu wa kliniki vidonge vya projestini pekee, kijiti au koili, na kondomu zitumike mpaka upate. Presha yenyewe itibiwe, si kubadilisha vidonge tu.

Vidonge vya homoni mbili havimfai pia mvutaji sigara aliyefika miaka 35, aliyewahi kuganda damu mguuni, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, wala anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6. Chemisti akikuuzia bila kuuliza hata moja kati ya haya, mwambie akupime presha kwanza. Na yeyote anayemeza akipata maumivu makali ya kifua, pumzi kukata, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kikali cha ghafla au macho kupoteza nuru, aache vidonge na aende hospitali siku hiyohiyo.