Kabla ya kununua trela kwa mkataba wa kupanga hadi umiliki, tazama jina lililo kwenye hati

Dada, umeeleza kwamba wewe, mumeo na watoto wenu watatu mmeonyeshwa trela, yaani nyumba iliyotengenezwa kiwandani na kuvutwa hadi kiwanjani, ya mwaka 1993 yenye vyumba viwili, ndani ya paki moja (eneo linalokodisha viwanja vya kuweka trela) ya hapa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani. Mnatakiwa kutanguliza dola 3,000, kisha kulipa dola 475 kila mwezi kwa miaka 5, mbali na dola 420 za kodi ya kiwanja, na baada ya miaka hiyo nyumba iwe yenu. Umesema pia kwamba mpango huu umewavutia kwa kuwa hautaji riba na hauangalii historia ya mikopo, na kwamba muuzaji anataka mtie saini Jumatatu. Ninakujibu kwa urefu kwa sababu nilitia saini mkataba wa namna hiyo mwaka 2016, katika mji huu huu, na yaliyonikuta ningependa yasimkute mtu mwingine mwenye watoto wa kuwalaza.

Maoni yangu ni kwamba msitie saini Jumatatu. Sisemi kwamba trela si nyumba ya kuishi, maana hadi leo ninaishi ndani ya trela na watoto wangu wamekulia humo. Ninachosema ni kwamba bado hujaonyeshwa kitu unachouziwa. Ulichoonyeshwa ni kuta, jiko na bafu, ilhali kinachouzwa hasa ni hati.

Hapa Iowa, trela iliyo ndani ya paki huhesabiwa kuwa mali inayohamishika, na umiliki wake huthibitishwa kwa hati inayofanana sana na ile ya gari, ambayo hushughulikiwa na ofisi ya mweka hazina wa kaunti. Hati hiyo ina namba ya nyumba (namba ya utambulisho wa trela yenyewe, si ya anwani), jina la mwenye mali, na jina la benki au mtu yeyote anayemdai mwenye mali kwa dhamana ya nyumba hiyo. Mtu ambaye jina lake halimo kwenye hati hana uwezo wa kukuhamishia umiliki, hata awe na ufunguo wa nyumba, ofisi ndani ya paki na mkataba uliochapwa vizuri namna gani.

Mimi sikulijua hilo. Nilikuwa nimefika Marekani muda usiofika miaka miwili, nikifanya kazi ya zamu ya usiku kiwandani, na meneja wa paki alikuwa mtu mpole aliyetukaribisha vizuri. Nilitanguliza dola 2,500 na kukubali kulipa dola 395 kila mwezi kwa miezi 48, nje ya kodi ya kiwanja. Majira ya baridi ya kwanza mashine ya kupasha joto ilikufa, na nilipokwenda ofisini niliambiwa kwamba mimi ni mwenye nyumba, kwa hiyo matengenezo ni yangu. Nililipa dola 2,900, kwa kuwa trela haipokei mashine yoyote tu bali inahitaji ile iliyoidhinishwa kwa nyumba za aina hiyo. Baadaye nililipa dola 600 za mabomba na dola 1,100 za sakafu ya bafuni iliyokuwa imeoza. Mwezi wa 26 saa za kazi zilipopunguzwa kiwandani nikachelewesha malipo kwa siku 9, nikashangaa kupokea barua ya kunitaka nihame, iliyoniita mpangaji. Matengenezo yalipotakiwa niliitwa mwenye nyumba, na malipo yalipochelewa nikawa mpangaji, na maneno yote mawili yalikuwamo ndani ya mkataba niliotia saini mwenyewe. Kifungu kimoja kilisema kwamba nikichelewa zaidi ya siku 5, haki yangu ya kununua inafutika na fedha zote nilizolipa zinahesabiwa kuwa kodi.

Nilipotafuta msaada wa sheria, swali la kwanza nililoulizwa ni kama nimewahi kuiona hati. Tulikwenda ofisi ya mweka hazina tukaona kwamba jina lililoandikwa ni la familia iliyoihama nyumba ile miaka mingi kabla yangu, na juu yake kulikuwa na deni la benki ambalo halikuwa limefutwa. Paki ilikuwa imeikuta nyumba imeachwa, ikaipaka rangi na kuniuzia kitu ambacho yenyewe haikuwa nacho. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimelipa dola 12,770 za nyumba na dola 4,600 za matengenezo, na hata kama nisingechelewa siku moja na ningemaliza miezi yote 48, hakuna aliyekuwa na uwezo wa kunipa umiliki. Tulihama mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado haijayeyuka.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kumwomba muuzaji namba ya nyumba na nakala ya hati, kisha uende kwenye ofisi ya mweka hazina wa kaunti ukaulize mambo matatu: jina la mwenye nyumba, madeni yaliyoandikwa juu yake, na kodi ya serikali ambayo haijalipwa. Jambo la tatu hupuuzwa na wengi, lakini hapa Iowa umiliki hauhamishwi, wala trela haiondolewi mahali ilipo, bila uthibitisho kwamba kodi hiyo imelipwa. Muuzaji akikataa kukupa namba, au akisema hati utaiona mwisho wa miaka 5, huna haja ya kuendelea na mazungumzo hayo.

Kuhusu bei, umeandika kwamba malipo ni nafuu kwa sababu hayana riba. Ninaheshimu sana nia yenu ya kuepuka riba, lakini kutotajwa kwa riba hakumaanishi kwamba hamlipi zaidi ya thamani ya mali. Dola 475 kwa miezi 60 ni dola 28,500, na ukiongeza za kutanguliza unapata dola 31,500. Mwulize muuzaji angekuuzia kwa bei gani iwapo ungempa fedha zote leo. Mimi nimeona trela za umri huo, zenye chumba kimoja zaidi, zikiuzwa taslimu hapa mjini kwa dola 12,000. Kuuza kwa bei iliyopanda kwa sababu ya kulipwa kwa awamu ni jambo ambalo wanazuoni wengi wanalikubali endapo bei ni moja, inajulikana tangu mwanzo, na muuzaji anakimiliki anachokiuza. Masharti hayo mawili ya mwisho ndiyo hasa ambayo mikataba hii mara nyingi huyakosa, na ningekushauri umpelekee shekhe wenu mkataba wenyewe ausome, badala ya kumsimulia tu.

Nyumba yenyewe ichunguzwe pia, na usiichunguze ukiwa umesimama sebuleni. Trela zilizotengenezwa kuanzia tarehe 15 Juni 1976 zinafuata viwango vya serikali kuu, na kila sehemu ya nyumba huwa na kibao kidogo chekundu cha chuma kilichopigiliwa nje, pamoja na karatasi ya taarifa iliyobandikwa ndani, mara nyingi kwenye kabati la jiko au karibu na swichi kuu ya umeme. Vitafute vyote viwili, kwa kuwa benki na kampuni za bima huviulizia. Nyumba ya mwaka 1993 inaangukia pia katika miaka ambayo mabomba ya plastiki ya kijivu yalitumika sana, kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwaka 1995, mabomba ambayo hupasuka bila dalili. Fungua kabati chini ya sinki uyatazame. Tembea polepole kuzunguka choo, bafu na tangi la maji ya moto, ukikanyaga kwa kisigino, kwa sababu sakafu za wakati ule nyingi ni za mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, na zikilowa huvimba kisha humeguka. Chini ya nyumba kuna turubai linaloshikilia sufi ya kuzuia baridi. Likiwa limechanika, mabomba yataganda mwezi wa Januari.

Usisahau mikanda ya chuma inayoifunga nyumba kwenye nanga zilizozamishwa ardhini. Tarehe 10 Agosti 2020 upepo uliokadiriwa kufikia maili 140 kwa saa ulipita katika mji huu, na mwenye trela yeyote aliyekuwapo siku ile hahitaji kuelezwa umuhimu wa nanga. Trela yangu ya sasa ilipoteza ukuta mwepesi unaoziba nafasi iliyo chini ya nyumba na sehemu ya paa, lakini haikusogea. Nyumba yoyote iliyokuwapo hapa siku ile, muulize muuzaji paa lake lilitengenezwa na nani, na udai karatasi.

Kuna suala la kiwanja, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko sakafu mbovu. Hata ukimaliza kulipa, utaendelea kulipa kodi ya kiwanja, na hapa Iowa hakuna kiwango cha juu ambacho sheria inamzuia mwenye paki asikipite. Wajibu wake ni kukupa taarifa mapema, ambayo tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 ni ya siku 90. Mwaka 2019 kampuni ya uwekezaji kutoka jimbo lingine ilinunua paki kubwa katika mji wa North Liberty na kutangaza kwamba ingepandisha kodi kwa zaidi ya nusu, na wakazi wake hawakuweza kubeba nyumba zao na kuondoka, kwa kuwa kuhamisha trela hugharimu maelfu ya dola na paki nyingi hazipokei nyumba kuukuu. Kwa hiyo omba mkataba wa kiwanja ulio tofauti na wa nyumba, na umuulize jirani, si meneja, kodi yake imepanda mara ngapi kwa miaka mitatu iliyopita.

Ikiwa hati ni safi, bei ni ya haki na nyumba ni nzima, ipo njia ya kulipa kidogo kidogo ambayo ningeikubali mimi mwenyewe. Hati ihamishiwe jina lenu siku ya kutia saini, na muuzaji aandikwe juu yake kama mdai mpaka mmalize. Hapo yeye ana dhamana yake na ninyi mna mali yenu. Mkataba utaje bei kamili, useme kwamba kila dola 475 inapunguza bei hiyo, na uwape angalau mwezi mmoja wa kurekebisha malipo yaliyochelewa. Lipeni kwa hundi au kwa benki, na stakabadhi zitunzwe, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Kipato chenu kikiwa kidogo, Iowa Legal Aid, shirika la msaada wa sheria, inaweza kuwasaidia kuusoma mkataba bila malipo kabla hamjaweka saini.

Mimi baada ya kuhama nilijiunga na upatu wa wafanyakazi wenzangu 12, nikaomba zamu ya mwisho, na mwaka 2019 nikanunua trela kuukuu zaidi kwa dola 9,000 taslimu kutoka kwa mama mmoja mzee aliyekuwa akihamia kwa mwanawe. Tulikwenda naye ofisi ya mweka hazina asubuhi, na saa sita mchana hati ilikuwa na jina langu.

Mwambie muuzaji kwamba unahitaji wiki mbili. Ukishapata namba ya nyumba, niandikie. Jumamosi sina zamu, na ninaweza kuja na tochi na ovaroli, nitambae chini ya trela hiyo pamoja na mumeo tuitazame.