Mvinyo wa euro nne kutoka Requena

SWALI: Shangazi, shikamoo. Naishi Valencia, kazi yangu ni kutunza wazee. Bibi ninayemtunza kwao ni Requena, na wanawe walinipa chupa ya mvinyo mwekundu iliyoandikwa Bobal. Niliipenda, ingawa inakaza ulimi kidogo. Juzi nikaikuta dukani kwa euro 4 na senti. Mimi ni mzaliwa wa Hombolo, Dodoma, nimekulia kwenye zabibu, lakini jina hili sijawahi kulisikia. Mbona bei chee hivyo? Au ni mvinyo wa kupikia? Halafu Krismasi wanakuja dada zangu, na wao wamezoea mvinyo mtamu. Niwape huu?
Mgogo wa Valencia

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiupikie. Mchuzi utanoga, sawa, lakini wewe utakuwa umekosa.

Requena si mbali na hapo ulipo, ni kama kilomita 70 ukishika barabara ya Madrid. Ni kupanda tu, hadi unatokea kwenye uwanda wa juu, mita 700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, ambako usiku wa baridi maji huganda. Bobal ndiyo zabibu ya huko, kuanzia Utiel hadi Requena. Ganda lake ni nene, lina rangi nyingi, na uchachu wake haupotei hata jua likiwaka vipi. Inachelewa kuiva, na tofauti na kwenu Dodoma mnakovuna mara mbili kwa mwaka, huku ni mavuno mamoja tu.

Kuhusu bei: Bobal ilitumika miaka mingi bila kutajwa. Iliuzwa kwa matangi, ikaenda kukoleza mivinyo ya watu wengine iliyopauka. Wana ufundi wao wanauita doble pasta. Tangi la kwanza wanalitoa maji ya zabibu mapema, yanakuwa mvinyo wa waridi. Yale maganda yaliyobaki wanayaongeza kwenye tangi la pili, ambalo tayari lina zabibu zake. Maganda ya matangi mawili, maji ya moja! Kinachotoka ni cheusi kama rozela iliyolala kwenye sufuria usiku kucha. Mnunuzi wa matangi alitaka rangi na kilevi, jina la zabibu halikumhusu. Siku hizi wapo wanaoitia kwenye chupa na kuiandika jina lake, ila jina lenyewe halijafikia bei ya Rioja, ule mvinyo maarufu wa kaskazini mwa Uhispania. Wewe umewahi.

Ukirudi dukani, geuza chupa utazame nyuma. Tafuta muhuri wa Utiel-Requena, au wa Manchuela, jirani yake. Ukiona maneno viñas viejas, ongeza euro mbili tatu ununue. Hiyo ni mizabibu mikongwe, mara nyingi mifupi kama vichaka, haijatandazwa kwenye nyaya. Inazaa kidogo, na kile kidogo kimekolea. Ukikuta crianza, ujue umekaa miaka 2 kabla ya kuuzwa, angalau miezi 6 ikiwa ndani ya pipa la mwaloni. Mimi Bobal iliyolala sana kwenye pipa siipendi, harufu ya vanila inafunika ile ya matunda. Nilipokuwa mhudumu Madrid niliwaelekeza wateja kwenye joven, mvinyo mchanga, na wenye chupa za bei kubwa mezani waliishia kuiulizia.

Huo ukakasi ulimini unatokana na lile ganda nene. Dawa yake ni mafuta: choma mbavu za kondoo, au tengeneza mishikaki usiyoikausha sana. Na chupa iingie kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina. Najua umeambiwa mvinyo mwekundu haupozwi. Aliyekuambia hajakaa kwenye fleti zenu hizo zenye hita.

Dada zako usiwalazimishe. Atakayekunja uso mtengenezee tinto de verano: glasi ndefu, barafu tele, nusu mvinyo, nusu gaseosa, ile soda nyeupe yenye utamu kidogo, na kipande cha limau. Ni kinywaji cha kiangazi, na mhudumu atakushangaa ukikiagiza Desemba, lakini nyumbani kwako nani atakuuliza? Tumia chupa ya euro 4. Ile ya viñas viejas ifiche.