Ruzuku au zabuni: kipi kinaibeba kampuni changa?

Mkuu mleta uzi, umeuliza kampuni changa ya teknolojia ikimbilie msaada upi wa serikali: msamaha wa kodi, ruzuku au zabuni. Vyote nimevionja. Tulikuwa watu wanne, tukiunda programu ya kufuatilia akiba ya dawa kwenye zahanati.

Msamaha wa kodi usikunyime usingizi. Kodi ya mapato hukatwa kwenye faida, nasi miaka miwili ya mwanzo hatukuwa na faida ya kusamehewa.

Ruzuku ndiyo iliyotutia adabu. Tulishinda, tukapewa cheti, picha zikapigwa. Kuja kuusoma mkataba vizuri, kumbe pesa ni za kurudishiwa: unatumia zako kwanza, unapeleka risiti, wanakagua, ndipo wanalipa. Ikabidi tukope ili tuweze kuitumia ruzuku! Risiti ya seva ikakataliwa kwa kuwa haina muhuri. Muhuri, jamani, kwenye mradi wa kidijitali. Awamu ya kwanza ilipoingia mwezi wa nane, mwenzetu mmoja alishaondoka kutafuta mshahara. Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza wanalipa kabla au baada ya matumizi.

Kilichotunusuru ni oda ndogo ya majaribio kutoka ofisi moja ya umma, zahanati sita tu. Benki iliyokuwa inatuzungusha ilipoona ule mkataba ikalegea. Na tulipata kitu ambacho ruzuku haikutupa: mteja wa kutugombeza. Mfamasia mmoja alitazama skrini akauliza, "Sasa boksi likibaki nusu niandike wapi?" Mfumo wetu ulihesabu maboksi, yeye anatoa vidonge. Usiku ule tuliandika upya sehemu nzima ya stoo.

Hili si geni. Miaka ya 1960 mwanzoni, wanunuzi wakubwa wa chipu za kompyuta Marekani walikuwa miradi ya serikali: Apollo, wa kupeleka watu mwezini, na makombora ya nyuklia ya Minuteman. Viwanda vikapata uzoefu, bei zikashuka, ndipo soko la kawaida likafuata. Israeli walipita njia nyingine mwaka 1993: mfuko wa Yozma, dola milioni 100, serikali ikiweka mtaji pamoja na wawekezaji binafsi na kuwaachia nafasi ya kuinunua hisa yake. Tunisia nao, kwa sheria yao ya 2018, wanamruhusu mwajiriwa kuchukua likizo ya kwenda kuanzisha kampuni na kurudi kazini ikishindikana. Hiyo naipenda kuliko makongamano kumi ya ubunifu.

Ila zabuni nazo zina ukuta wake. Utadaiwa hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu wakati kampuni yako ina miezi kumi na minne. Sisi tuliingia chini ya kampuni kubwa, tukaachiwa sehemu ndogo ya malipo. Ukipita humo, hakikisha mkataba unataja kwa maandishi nani anamiliki msimbo wa programu. Sisi tulikumbuka siku moja kabla ya kusaini.