Papa Anazaa, Mbona Bado Ni Samaki?

Juma lililopita niliandika kwamba nyangumi si samaki ila papa ni samaki, na tangu siku hiyo simu haijatulia. Nimechagua maswali manne.

Nimeshuhudia papa akipasuliwa pale soko la samaki la Feri, tumboni mna watoto hai. Samaki gani anazaa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Huyohuyo papa. Kifutu naye huzaa, na hakuna anayemtoa kwenye ukoo wa nyoka. Mamalia hutambulika kwa maziwa na kwa nywele, hata zikiwa chache kama sharubu za nguva. Papa hana chuchu wala unywele. Akishazaa huenda zake, na mtoto anajitafutia riziki siku hiyohiyo. Anapumua kwa matamvua, zile nyufa za ubavuni karibu na kichwa, wakati pomboo lazima apande juu kuvuta hewa kwa tundu la utosini.

Hata hivyo hujauliza upuuzi. Yule papa mwenye kichwa cha nyundo hulea watoto tumboni kwa kitu kinachofanana sana na kondo la nyuma, na kitovu juu yake. Wengine hutaga mayai. Carl Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyepanga viumbe katika makundi, mwaka 1758 aliwahamishia nyangumi kwa mamalia, kisha akawatoa papa kwenye samaki akawatia kundi moja na vyura na nyoka! Alidhani wana mapafu.

Mbona hana magamba wala miiba? (Mama Lishe, Mombasa)

Magamba anayo, ila ni madogo mno na yameumbwa kama meno. Pitisha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani, kinateleza. Kirudishe, ngozi inakukwaruza kama msasa. Miiba kweli hana, maana mifupa yake ni gegedu, kama la sikio lako. Ndiyo maana mchuzi wa papa mtoto analishwa bila hofu ya miiba.

Na hapa kuna jambo linalonifurahisha: jodari ana undugu wa karibu zaidi na wewe, mama, kuliko na papa. Ukoo wa gegedu na ukoo wa mifupa uliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na sisi tuko upande wa jodari. Neno "samaki" ni kapu kubwa.

Papa mkavu ananuka mkojo, au ni pua yangu? (Tanga)

Pua yako ni nzima. Mwili wa papa hutunza yurea, kitu kilekile kilichomo kwenye mkojo, ili chumvi ya bahari isimkaushe maji. Akifa, bakteria huigeuza yurea hiyo kuwa amonia, na harufu ni ya hiyo amonia. Mloweke, badilisha maji mara mbili tatu, kamulia ndimu. Mimi nisiposikia kaharufu kale hata kidogo, nashuku nimeuziwa kitu kingine.

Papa potwe wa Mafia si nyangumi? Wazungu wanamwita papa-nyangumi. (Kilwa)

Wamemwita hivyo kwa ukubwa tu. Anaweza kupita mita 12, na ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, ingawa chakula chake ni planktoni (viumbe vidogo mno vinavyoelea majini) na visamaki anavyochuja majini. Anazaa pia: jike aliyevuliwa Taiwan mwaka 1995 alikutwa na watoto wapatao 300 tumboni. Ukimkuta, tazama mkia. Wa papa umesimama wima na hupiga kushoto na kulia. Wa nyangumi umelala bapa, hupiga juu na chini. Utazame kwa mbali, lakini.