Kamera ya shamba la Hindi lisilo na umeme

Ndugu yangu, umeuliza ni kamera gani ya ulinzi itakayofaa shamba lako la minazi huko Hindi, Lamu bara, ambako hakuna umeme wala waya wa intaneti. Mimi ningechagua ya sola, yenye laini ya simu ya 4G na kadi ya kumbukumbu ndani yake, ili mtandao ukikatika picha zisipotee. Kabla ya kununua, simama na simu yako pale pale utakapoifunga ujaribu mitandao yote, kwa sababu hatua chache tu chini ya minazi huweza kuudhoofisha mtandao. Kinga yake dhidi ya vumbi na maji iwe ya kiwango cha IP66 au zaidi.

Adui mkubwa wa Lamu yetu, hata hivyo, ni chumvi. Nyumbani kwangu Shela nilifunga kamera nzuri kwa skrubu za chuma cha kawaida, na kabla msimu wa upepo wa kusi haujakwisha zilikuwa zimeliwa na kutu, kamera ikainama ikabaki kutazama mchanga. Tafadhali tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, na uifute paneli kwa maji matamu mara kwa mara. Lenzi nayo iangalie lango lako, wala si ua wa jirani.